Uhungaria bila Kihungaria

Kuna makala nimesoma, mwandishi anasema wajukuu wa Wahungaria waliohamia Cleveland, Marekani, si Wahungaria tena kisa lugha imewatoka, mi hapo nakataa. Jirani yangu hapa Ohio, babu yake alikimbia 1956 vifaru vya Warusi vilipoingia Budapest, yeye anajua salamu na matusi tu lakini Krismasi lazima aviringishe mwenyewe beigli, ule mkate mtamu wa Kihungaria wenye mbegu za popi, na ukimletea paprika (pilipili nyekundu ya unga) ya supamaketi anakununia wiki nzima lol. Shida uraia wa Uhungaria, tangu 2011 wanapewa wenye asili hiyo bila kuhamia ila sharti uongee lugha, sa hivi anakomaa nayo kwenye simu, viambishi vinamtoa jasho, nikamwambia kaka hata Kiswahili tunabandika hivyohivyo, sema sisi zaidi mbele, nyie nyuma