Mtoto usimpakie, mpe pikipiki yake ndogo

Niseme mapema kabisa, mi sikubaliani na hii habari ya mzazi kununua kwodi kubwa, ile pikipiki ya matairi manne, halafu anamkalisha mtoto katikati ya mapaja yake na kuingia naye porini eti wanaendesha pamoja. Najua raha yake manake na mimi nimeshafanya. Binti yangu alikuwa na miaka minne, nikamweka mbele, mikono yake kwenye usukani na yangu juu ya yake, tukawa tunapanda kamlima ka mawe mawe, mwendo wa kawaida tu, tairi la mbele likagonga jiwe likaruka kidogo, na yeye kwa kushtuka akang'ang'ania usukani kwa nguvu zake zote. Sasa kwenye kwodi mafuta yanabonyezwa na dole gumba la kulia, kwa hiyo kule kung'ang'ania ndo kukawa kukanyaga mafuta. Tukachomoka. Niliwahi breki, hatukupinduka, ila tuliposimama nikagundua nimemgandamiza kifua kwenye usukani kwa uzito wangu wote. Hakulia. Alinyamaza tu anahema juu juu, na ule ukimya ndo ulionifanya niiuze ile kwodi.

Watu wengi wanadanganywa na siti. Siti ya kwodi ni ndefu, ukiiangalia unaona kabisa hapa wanakaa wawili, kumbe ule urefu ni wa mtu mmoja. Kwodi haigeuki kwa usukani peke yake, inageuzwa na mwili, ukipanda mlima unasogea mbele, ukishuka unasogea nyuma, kwenye kona unahamia upande wa ndani, na huwezi kusogea popote ukiwa umepakata mtoto. Ukimweka nyuma ndo unaharibu zaidi, uzito unaenda nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi, na kwenye mlima inakuangukieni kwa nyuma huku mnaiona hivi hivi. Kwodi nyingi zimeandikwa kwenye stika, marufuku kubeba abiria, na zipo chache zilizotengenezwa kwa watu wawili lakini hata hizo aliyefikiriwa kule nyuma ni mtu mzima anayefika chini na miguu na kushika vishikio, sio mtoto wa chekechea.

Kuna watakaosema basi tununue kale kagari ka porini ka viti viwili, said bai said, kana mikanda na vyuma vya juu. Ni kweli kana mikanda. Lakini mkanda ule umepimwa kwa mwili wa mtu mkubwa, na vitabu vya watengenezaji wengi vinasema abiria awe na angalau miaka 12, na mgongo wake ukigusa siti nyayo ziwe zimekanyaga sakafu. Miguu ikining'inia huyo hajafika bado. Sababu yake inaeleweka, kagari kakianza kulala upande mtu anatoa mkono nje kuzuia, ni silika, hata mimi na wewe tutautoa, na mtoto ambaye hana pa kukanyaga ndo anatoka na kiwiliwili kizima. Halafu usije ukafunga siti ya mtoto ya kwenye gari humo, ile haikutengenezwa kwa mtikisiko wa namna hiyo.

Kwa hiyo kuendesha na mtoto, kwa maoni yangu, ni kila mtu na chombo chake. Na hapa ndo napishana na wazazi wengi sana, manake ukisema hivyo tu wanakimbilia kwodi ndogo ya mtoto, wakiamini matairi manne ni salama kuliko mawili, haianguki. Mi nasema kwa mtoto anayejua baiskeli, anza na pikipiki ndogo.

Fikiria inavyoanguka. Kwodi ndogo ya watoto wa miaka sita kwa kawaida ina kilo 100 hivi au zaidi, mtoto wa umri huo ana kilo 20 hivi. Haianguki mapema, hilo kweli, inamvumilia anavyokosea kona, inamvumilia tena, inamjenga imani kwamba haianguki, halafu siku ikianguka inamfuata. Inapinduka na kumlalia, na yeye hana ubavu wa kujichomoa. Pikipiki ya kilo 40 inaanguka mapema, inaanguka mwendo ukiwa bado mdogo, na inaangukia ubavuni wakati mtoto ameshatoa mguu upande wa pili. Kosa linamrudia pale pale akiwa kwenye mwendo wa kutembea. Hilo ndo fundisho ninalotaka alipate mapema.

Na sio kwamba kwodi za watoto ziko holela. Marekani, ambako biashara hii ilianza kuwa kubwa, zile za matairi matatu ziliacha kuuzwa mpya mwaka 1988 baada ya watengenezaji kukubaliana na serikali kwa sababu ya ajali, na sa hivi kwodi za watoto zimepangwa kwa umri na mwendo, ya kuanzia miaka 6 inatakiwa itoke na kizuizi cha kilomita 16 hivi kwa saa na ukikitoa isizidi 24. Pamoja na hayo yote chama cha madaktari wa watoto wa huko, American Academy of Pediatrics, msimamo wao ni kwamba aliye chini ya miaka 16 asiendeshe kwodi na wala asipakiwe. Hawa ni watu wanaopokea watoto hospitalini wakiwa wameumia. Ukiamua, kama mimi nilivyoamua, kwamba mwanao ataendesha kitu chenye injini, basi amua ukiwa umelijua hilo, na umchagulie kitu ambacho kikimwangukia anaweza kukisukuma.

Sasa ipi. Acha kwanza kuuliza ni cc ngapi, yaani ukubwa wa injini. Msimamishe mtoto ukutani akiwa na buti, mbanishe kitabu msambani, pima toka hapo hadi sakafuni, halafu linganisha na urefu wa siti. Nyayo zote mbili zifike chini, zikanyage, sio ncha za vidole. Yamaha PW50 siti yake iko karibu sentimita 48 toka chini, Honda CRF50F iko kama 55, Yamaha TT-R50E hapo hapo kwenye 55, na Honda CRF110F inaruka mpaka 66 hivi. Zile za 50 zinaonekana pacha kwenye picha, ila kwa mtoto mfupi hizo sentimita saba ndo tofauti ya kusimama na kudondoka.

Mi nilichukua PW50. Iko sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na haijabadilika sana, kwa hiyo spea na mafundi wanaoijua hawakosekani. Haina gia za kubadilisha, haina klachi ya kushika, unafungua mafuta inaenda. Haina cheni, nguvu inafika tairi la nyuma kwa shafti iliyofunikwa, kwa hiyo hamna cheni ya kunasa kidole au kamba ya kiatu. Lakini kilichonishawishi mimi kuinunua ni breki, zote mbili ziko mkononi, ya kulia na ya kushoto, kama baiskeli. Binti yangu alikuwa ameshaendesha baiskeli mwaka mzima, mikono yake inajua kusimama, hajalazimika kujifunza upya. CRF50F ni pikipiki nzuri sana, imara, ina gia tatu bila klachi ya kushika, ila breki ya nyuma iko mguuni, na mtoto wa miaka sita akipata hofu hakumbuki mguu, anakamata alichozoea kukamata. Hiyo nitaifikiria akiwa mkubwa kidogo. TT-R50E nayo inawaka kwa stata ya kubonyeza, ni jambo kubwa hilo kwa mtoto ambaye hawezi kupiga kiki na anazima kila baada ya mita kumi. Ya kwetu ni ya kiki na ni tu-stroki, yaani oili inaungua pamoja na mafuta, ina tangi lake dogo la oili, ukisahau kuliangalia utaua injini, basi mi naliangalia kila kabla ya kuwasha, mazoea tu.

Kwa walio wadogo zaidi, au mtoto ambaye kelele zinamtisha, kuna vya betri. Stacyc, kampuni ambayo Harley-Davidson waliinunua mwaka 2019, wanatengeneza kibaiskeli kisicho na pedali chenye mota ya umeme, kile kidogo hakifiki kilo 10, mtoto anaweza kukisukuma kwa miguu tu kama hataki mota. Hakina ekzosi ya kumuunguza paja, na unaweza kuongea naye. Hilo la kuongea watu hawalipi uzito unaostahili, kwenye injini ya mafuta mtoto akiwa na helmeti hasikii unachosema, anaona tu baba anapunga mikono anafikiri amekosea. Tatizo la umeme ni kwamba nguvu inakuja yote mara moja, kwa hiyo kiweke kwenye hali ya mwendo mdogo kabisa na usiwe na haraka ya kuibadilisha.

Siku tunaichukua ile PW50 nilimkalisha juu ikiwa imezimwa, nikamwambia kamata breki. Akanyoosha vidole, kidole cha shahada kikagusa wenzo kwa ncha, pingili ya kwanza haijavuka. Hapo hana breki huyo, ana mapambo. Nikachukua spana, nikalegeza, nikausogeza wenzo karibu na mpini, tukajaribu tena, bado, nikasogeza tena mpaka pingili ikavuka na kukunja vizuri. Dakika ishirini hivi tulizitumia kwenye vidole tu. Halafu nikaenda kwenye ile skrubu ya kuzuia mafuta, iko pale pale kwenye mpini, ukiikaza mpini haufunguki wote. Niliikaza mpaka pikipiki ikawa inatembea kwa mwendo wa mimi kukimbia pembeni. Sio kutembea nayo, kukimbia, na wiki za mwanzo hivyo ndo tulivyokuwa, yeye juu ya pikipiki na mimi kwa miguu, na kamba ya kuzimia injini imefungwa ili nikiona mambo yanaharibika niivute.

Helmeti nunua ya saizi yake ya leo, usinunue kubwa ati akue nayo, helmeti inayozunguka kichwani haimlindi na inamchosha shingo. Pima kichwa juu ya nyusi, tafuta yenye alama ya usalama ya ECE 22.06 (ya Ulaya) au DOT (ya Marekani), ya kufunika kidevu. Buti zinazofunika kifundo cha mguu, glavu, gadi za magoti na viwiko, miwani. Hapo sina mjadala na mtu.

Siku ya tano au ya sita aliteleza kwenye majani yenye umande. Pikipiki ikalala kushoto, yeye akabaki amesimama kulia, na tairi la nyuma linazunguka polepole hewani. Akaniangalia.

"Baba, nimeivunja?"

"Hujaivunja, mama. Njoo tuinyanyue."

Nikamwonesha pa kushika, akashika usukani mimi nikashika nyuma, tukainua. Akapanda mwenyewe. Ningekuwa nimempa ile kwodi ndogo ya kilo mia na ushee mi ndo ningekuwa nainyanyua, kutoka juu yake.

Kitu ambacho wazazi hawakipangi kabisa ni pikipiki yao wenyewe. Unamnunulia mtoto ya 50, wewe unakuja na ya mashindano ya 450, halafu unashangaa hamfurahii. Mtoto anaenda kilomita 10 au 15 kwa saa. Kwa mwendo huo ile ya mashindano haina feni ya kupoza, maji yanachemka, klachi inaungua, na wewe unakuwa na hasira, kidogo kidogo unaanza kutangulia, unamsubiri mbele, na yeye anakufukuza ili asiachwe. Mtoto anayefukuza anafungua mafuta kuliko uwezo wake. Mi nilitafuta pikipiki nyepesi ya siti fupi, inayopoozwa na upepo, inayokubali kutembea gia ya kwanza mchana kutwa bila kulalamika, na nakaa nyuma yake. Yeye ndo anapanga mwendo, yeye ndo anachagua tupite kushoto au kulia mwa kichaka, na mimi namwona mgongo, mabega yakipanda juu najua amechoka au ameogopa, tunasimama tunakunywa maji. Natangulia pale tu njia inapojificha au kuna uwezekano wa kukutana na mtu anayekuja, na hapo namwambia kabisa, usinifukuze, nitakusubiri kwenye mti ule.

Huwa tunaenda saa moja, haizidi. Baada ya hapo mikono yake inaanza kuwa mizito, na ajali nyingi ndogo tulizozipata zimetokea kwenye zile dakika za "baba mara moja tu ya mwisho".

Jumamosi iliyopita nimeifungua ile skrubu nusu mzunguko, ni mara ya tatu tangu tuanze. Kila mara namuuliza kwanza, na kuna safari nyingine mbili alikataa, nikaiacha. Safari hii alisogeza helmeti nyuma kidogo anione vizuri, akaniuliza nusu ni kiasi gani, nikamwonesha kwa bisibisi, akasema sawa.