Bati la titani: kuyeyusha au kusukuma unga?

Wanaotetea bati la titani la unga, yaani linalotengenezwa kwa kubana unga wa metali hiyo bila kuuyeyusha, huanza na hesabu ya hasara, na hapo wana haki. Kwa njia ya Kroll, ile ya kawaida ya kuzalisha titani kutoka kloridi yake, titani hutoka ikiwa sponji, donge la kijivu lenye matundu. Sponji hubanwa, huyeyushwa ndani ya ombwe kwa tao la umeme, mara nyingi zaidi ya mara moja, na titani haiyeyuki kabla ya nyuzi 1668 za Selsiasi. Donge linaloganda baada ya kuyeyushwa, yaani mkuo, hufuliwa, hupitishwa kwenye rola ungali moto, kisha ngozi ngumu iliyonyonya oksijeni huparuzwa na kutupwa. Bati likiwa jembamba, ngozi hiyo ni sehemu kubwa ya mali.

Njia ya unga inaruka karibu yote hayo. Unga humwagwa katikati ya rola mbili, na chini hutoka utepe ambao ukiukunja tu unakatika. Huokwa kwenye ombwe, joto likiwa chini ya kiwango cha kuyeyuka, chembe zikashikana, kisha hurudishwa kwenye rola. CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia, imeshatengeneza tepe za namna hii.

Kinachonitia shaka ni unga wenyewe. Unga wa chuma ukishika kutu, hidrojeni huiondoa tanurini. Wa titani hausafishiki hivyo: oksaidi iliyoko juu ya chembe huingia ndani ya metali na kubaki humo, bati likawa gumu na jepesi kuvunjika. Titani ya daraja la 2, ile ya kawaida isiyochanganywa na metali nyingine, hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.25 ya oksijeni, na unga, kadiri ulivyo laini, ndivyo unavyokikaribia kikomo hicho. Klorini iliyosalia kutoka kwenye ile kloridi nayo huacha vitundu mtu anapochomelea.

Unga wa mviringo, ule wa printa za 3D, ni safi lakini ghali, tena chembe zake huteleza badala ya kung'ang'aniana. Wenye kona hupatikana kwa kuilisha titani hidrojeni mpaka ivunjike, kisha kuiondoa hidrojeni hiyo. Lakini titani hiyo mara nyingi imeshapita Kroll, pengine hata tanuri la kuyeyushia. Sasa tumeokoa nini?

Kwa bati la ndege, mimi bado niko na mkuo. Kwa mitambo ya kuzalisha hidrojeni kutoka majini, ambako bati linatakiwa liwe na matundu ili maji na gesi vipite, kuyeyusha ni kuziba kile ambacho mteja anakilipia.