Taji la Malkia na Kura ya Mwanamke

Kila panapojadiliwa uongozi wa wanawake katika Jumuiya ya Madola, hoja moja haikosi kurudi: kwamba Uingereza, dola iliyowahi kuimiliki sehemu kubwa ya dunia, yenyewe ilikuwa chini ya wanawake kwa muda mrefu zaidi kuliko ilivyokuwa chini ya wanaume. Kwa zama za karibuni hesabu inaiunga mkono hoja hiyo. Tangu Victoria aliporithi kiti cha enzi Juni 1837 hadi Elizabeth wa Pili alipofariki Septemba 2022 ni miaka 185, na zaidi ya 130 kati ya hiyo ilikuwa ya wanawake hao wawili. Wanaoishikilia hoja hii husema kwamba taifa lililozoea kumwinamia malkia haliwezi kushtuka likimwona mwanamke akiunda serikali, na kwamba Margaret Thatcher alipokuwa waziri mkuu mwaka 1979 aliikuta njia imekwisha kufyekwa. Wanaoipinga husema taji ni pambo tu, na kwamba pambo hilo halikumpa mwanamke wa kawaida haki hata moja. Naona kila upande umeshika sehemu ya ukweli, ila sehemu hizo hazilingani kwa uzito.

Tuanze na upande wa taji, kwa sababu mara nyingi hupuuzwa upesi mno. Uingereza haikuzaliwa na mazoea ya kutawaliwa na mwanamke. Mwaka 1141 Matilda, binti na mrithi wa Mfalme Henry wa Kwanza, alifika London akitarajia kutawazwa, lakini wenyeji wakamfukuza kabla taji halijafika kichwani mwake. Zikapita karne nne kabla Mary wa Kwanza hajatawala kwa haki yake mwenyewe mwaka 1553, na hapo likazuka swali la kisheria: je, sheria zilizomtaja mfalme peke yake zilimhusu pia malkia? Swali hilo lilikuwa na hofu nyuma yake, kwa kuwa Mary alikuwa akijiandaa kuolewa na Philip wa Hispania, na kwa desturi ya siku zile mali na mamlaka ya mke vilimfuata mume. Bunge likapitisha sheria mwaka 1554 iliyotamka kwamba mamlaka ya kifalme ni yaleyale na ni kamili, awe anayeyashika ni mwanamume au mwanamke. Elizabeth wa Kwanza alitawala miaka 44 juu ya msingi huo, na hakuolewa. Kuona uzito wa sheria hiyo, linganisha na Hanover, ufalme wa Kijerumani uliokuwa chini ya mfalme mmoja na Uingereza: Victoria aliporithi London mwaka 1837 hakuweza kurithi Hanover, kwa kuwa sheria ya huko ilimzuia mwanamke, na kiti kikaenda kwa baba yake mdogo, Ernest Augustus.

Zaidi ya hayo, wanawake wenyewe walilitumia taji kama ushahidi. Juni 1866 mwanafalsafa na mbunge John Stuart Mill aliwasilisha bungeni ombi lenye sahihi zipatazo 1,500 za wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Moja ya hoja za ombi hilo ilikuwa kwamba ushiriki wa wanawake katika serikali unapatana na katiba ya Uingereza, kwa sababu katika visiwa hivyo mwanamke amehesabiwa siku zote kuwa anaweza kutawala. Hii si hoja dhaifu. Mpinzani aliyedai kwamba akili ya mwanamke haiwezi kubeba mambo ya dola alilazimika kuisema kauli hiyo huku sarafu aliyoishika ikiwa na sura ya mwanamke. Taji halikuwapa wanawake kura, lakini liliwapokonya wapinzani wao mojawapo ya visingizio vyao vikubwa.

Hapo ndipo upande wa pili unapoingia, na unaingia na Victoria mwenyewe. Miaka minne tu baada ya ombi lile, mwaka 1870, aliandika barua ya faragha akilaani upumbavu wa kiwendawazimu na uovu wa kile kilichoitwa haki za wanawake. Hakuona mgongano wowote kati ya maneno hayo na kiti alichokikalia. Kwake yeye utawala ulikuwa wajibu wa ukoo ambao Mungu alikuwa amemtwika, wala haukuwa ushahidi wa uwezo wa wanawake wenzake. Kabla ya hapo, mwaka 1855, mwandishi Caroline Norton, aliyenyang'anywa watoto na mapato yake na mume waliyetengana, alikuwa amemwandikia Victoria barua ya wazi akimweleza jinsi sheria za nchi inayotawaliwa na mwanamke zilivyomfanya mke asiwe na nafsi ya kisheria. Malkia hakuzibadilisha sheria hizo. Zilibadilishwa na Bunge la wanaume, kidogo mwaka 1857 na 1870, kisha kwa upana zaidi mwaka 1882 mke aliporuhusiwa kumiliki mali yake kwa jina lake, baada ya miaka ya harakati za wanawake waliokuwa hawana kura.

Ukitaka kujua kura ilipatikana wapi kwanza, utazame mbali kabisa na ikulu. Nyuzilandi, iliyokuwa koloni lenye kujitawala, iliwapa wanawake haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge mwaka 1893, baada ya Kate Sheppard na wenzake kukusanya sahihi zinazokaribia 32,000. Sheria ile ilisainiwa kwa jina la malkia ambaye nafsini mwake aliipinga fikra yenyewe. Uingereza ilisubiri hadi 1918, chini ya mfalme, tena kwa wanawake waliotimiza miaka 30 na wenye sifa za mali pekee, na usawa kamili na wanaume ukaja mwaka 1928.

Kwa wasomaji wa Afrika upo upande mwingine ambao wachambuzi wa London huupita haraka. Machi 1900 gavana wa Uingereza, Frederick Hodgson, alisimama Kumasi, katika Ghana ya leo, akadai aletewe Kiti cha Dhahabu cha Waasante, kilicho kitakatifu kwao na kisichokaliwa na mtu, ili akikalie, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwakilisha Malkia Victoria. Aliyewaongoza Waasante kupigana baada ya tusi hilo alikuwa mwanamke, Yaa Asantewaa, malkia-mama wa Ejisu. Alikamatwa akapelekwa Shelisheli, na huko akafia uhamishoni mwaka 1921. Nusu karne baada ya tukio hilo la Kumasi, Februari 1952, Elizabeth alipata urithi wake akiwa Kenya, na kabla mwaka haujaisha serikali ya koloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Wanawake waliowekwa kizuizini Kamiti kwa tuhuma za kuwa na Mau Mau walishikiliwa kwa jina la serikali ya malkia. Ni haki kusema kwamba Elizabeth, kwa katiba ya nchi yake, hakuwa mtunga sera. Lakini ni haki pia kusema kwamba kuwapo kwa mwanamke juu kabisa ya dola hakukumpunguzia mwanamke wa Nyeri hata siku moja ya kifungo chake.

Sasa tuwageukie wanasiasa, maana wao hawakuzaliwa na kazi hiyo. Mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu alitoka ndani ya Jumuiya ya Madola: Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon, Julai 1960. Wakati huo Ceylon bado ilimtambua Elizabeth kuwa malkia wake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza serikali ya kuchaguliwa iliyoongozwa na mwanamke ilifanya kazi chini ya taji la mwanamke. Ni huyohuyo Bandaranaike ambaye serikali yake ililiondoa taji hilo mwaka 1972 na kuifanya nchi kuwa Jamhuri ya Sri Lanka. Lakini alifikaje pale? Mumewe, aliyekuwa waziri mkuu, aliuawa kwa risasi mwaka 1959, na chama kikamhitaji mjane. Indira Gandhi wa India alikuwa binti wa Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Benazir Bhutto wa Pakistan na Sheikh Hasina wa Bangladesh walikuwa mabinti wa viongozi waliouawa, na Khaleda Zia, pia wa Bangladesh, mjane wa mwingine. Kwa mtazamo huo, Asia Kusini ilitoa viongozi wanawake kwa njia inayofanana sana na ya kifalme, yaani nyumba iliyopungukiwa mwanamume ikamsimamisha mwanamke. Hilo haliwavunjii heshima. Indira aliwashinda wazee wa chama waliodhani watamwendesha. Ila linatukataza kudai kwamba kupanda kwao kulikuwa dalili ya hali ya mwanamke wa kijijini Bihar au Sindh.

Thatcher ni suala jingine, kwa kuwa alikuwa binti wa muuza duka wa Grantham asiye na jina kubwa la ukoo. Alipanda kwa kura za chama chake na za wananchi, na kwa miaka 11 na nusu hakuna aliyethubutu kuuliza kama mwanamke anaweza kuamuru. Wasichana waliokua wakati huo waliona jambo ambalo mama zao hawakuliona, na sitaki kulidogosha. Hata hivyo, uchaguzi uleule uliompa ushindi mwaka 1979 uliwapeleka Bunge la chini wanawake 19 tu kati ya wabunge 635, na katika kipindi chake chote alimteua mwanamke mmoja pekee kwenye baraza la mawaziri, Janet Young. Kilichobadilisha hesabu ni kanuni ya chama: Labour iliamua mwaka 1993 kutenga majimbo ambayo wagombea wake wangekuwa wanawake peke yao, na mwaka 1997 idadi ya wanawake bungeni ikaruka kutoka 60 hadi 120. Mwaka 2024 walifika 263.

Linganisha na Rwanda, iliyoingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Katiba yake ya 2003 iliwatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi, na mwaka 2008 wakapita nusu ya Bunge la chini, jambo ambalo hakuna nchi iliyokuwa imelifikia, huku rais akiwa mwanamume. Mtu atajibu, na ana haki, kwamba idadi bila mamlaka dhidi ya serikali kuu ni mizani nusu. Nakubali. Pamoja na hayo, kanuni inayowaingiza wengi inaacha nyuma yake wanawake waliojifunza bajeti, kamati na utungaji wa sheria, ilhali kiongozi mmoja akiondoka anaweza asiache hata mmoja. Ndiyo maana nadhani Kenya imejikosesha kitu kikubwa kwa kushindwa kuitekeleza kanuni ya theluthi mbili ya katiba yake ya 2010, inayokataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili ya nafasi, hata baada ya Jaji Mkuu kushauri mwaka 2020 kwamba Bunge livunjwe kwa kosa hilo.

Joyce Banda wa Malawi mwaka 2012 na Samia Suluhu Hassan wa Tanzania mwaka 2021 walipata urais kwa sababu rais alifariki nao wakiwa makamu. Hiyo ni njia ya katiba na si ya damu. Tangu hapo wanapaswa kupimwa kwa matendo kama mtawala mwingine yeyote. Banda aliomba kura mwaka 2014 akashindwa. Samia alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao kiongozi wa chama kikuu cha upinzani alikuwa kizuizini kwa shtaka la uhaini na maandamano yaliambatana na umwagaji damu. Indira alitangaza hali ya hatari mwaka 1975 akafunga wapinzani. Hasina alikimbia nchi Agosti 2024 baada ya vijana kuuawa mitaani. Anayetetea uongozi wa wanawake kwa kudai kwamba mwanamke ni mpole zaidi kwa asili anajenga juu ya mchanga, na anampa mpinzani silaha siku kiongozi huyo atakapokosea. Mwanamke ana haki ya kuongoza kwa sababu yeye ni raia.

Mwaka 2011, wakuu wa Jumuiya walipokutana Perth, Australia, Elizabeth alifungua mkutano katika nchi ambako waziri mkuu alikuwa Julia Gillard na Gavana Mkuu, mwakilishi wa taji, Quentin Bryce, wote wanawake, huku uenyekiti wa Jumuiya ukikabidhiwa na Kamla Persad-Bissessar wa Trinidad na Tobago. Hapo ndipo nchi 16 zilizokuwa chini ya taji zilipokubaliana kwamba mwana wa kiume asimtangulie tena dada yake mkubwa katika urithi. Sheria hiyo ilianza kazi Machi 2015, miaka 461 baada ya ile ya Mary. Miaka sita baadaye Barbados, chini ya Mia Mottley, ililiacha taji na kumwapisha Sandra Mason kuwa rais wake wa kwanza: waziri mkuu mwanamke akamwondoa malkia, akawekwa mwanamke mwingine aliyechaguliwa na Bunge la nchi yake.

Na kwa sasa mfalme ni Charles, anayefuata ni William, na baada yake ni George. Kanuni mpya imemhakikishia Charlotte, dada yake George, kwamba mdogo wake Louis hatamruka, lakini kwa mpangilio wa kawaida wa maisha Uingereza huenda isiwe na malkia mtawala kwa miongo mingi ijayo. Wanawake wake bungeni watafanya kazi bila sura ya mwanamke kwenye sarafu mpya, na hapo tutaweza kuona ni kiasi gani cha nafasi yao kilitegemea taji na ni kiasi gani kilitokana na kanuni na kura.