Risasi ndogo kwa pongo: geuza boksi usome

Kila vibali vya uwindaji vinapokaribia kutolewa, ubishi kuanzia Mafinga hadi Tunduma ni ule ule: bunduki ya .223, ile ya kipenyo kidogo, inaangusha pongo au haiangushi? Anayesema inaangusha anasema kweli. Anayesema pongo alipigwa nayo, akaingia kwenye mianzi na hakuonekana tena, naye anasema kweli. Bunduki zilikuwa za aina moja, risasi hazikuwa za aina moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba swali la kipenyo huulizwa mapema mno. Tungeanza na kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka: kimejengwaje, na mtutu ulionao unaweza kukizungusha?

Sheria kwanza, ili tusipotezeane muda. Kibali na kanuni zake ndivyo vinavyosema mnyama gani, eneo gani, na silaha ya kipenyo gani. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya ikikwambia .22 hairuhusiwi kwa mnyama uliyeandikiwa, ubishi umeisha hapo, beba .243 au kubwa zaidi. Na ile .22 ndogo ya kupigia ndege na makopo, ambayo pini hugonga ukingo wa ganda, haimo kabisa kwenye mazungumzo haya. Nguvu yake kwa kawaida haifiki jouli 200. Ninayoizungumzia ni familia ya .222, .223 na .22-250, ambazo vichwa vyake vina kipenyo cha milimita 5.7, pamoja na dada yao mkubwa .243 mwenye milimita 6.2.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu risasi hizi yametoka Uingereza na Marekani, na yanamhusu kulungu wa huko, mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Pongo wetu, hata kama wengine humwita kulungu, ni wa ukoo wa tandala na pembe zake hazidondoki. Ukoo si tatizo. Tatizo ni uzito. Kulungu mdogo wa Ulaya aitwaye roe ana kilo 20 hadi 30. Nsya wetu yuko chini kidogo ya hapo, ila pongo dume aliyekomaa hupita kilo 40 na wengine hufika 60, na tohe dume anaweza kuwa zaidi. Mtu akisoma kwamba .223 inatosha kwa roe kisha akaenda nayo kwa tohe, amefanya hesabu ya mbuzi kwa ndama.

Tena hata huko kwenyewe hawajakubaliana. Uskoti inaruhusu roe apigwe kwa kichwa kisichopungua greni 50, mwendo wa mita 747 kwa sekunde na nguvu ya jouli 1,356. Vuka mpaka uingie Uingereza, na roe yule yule anadaiwa kipenyo cha .240 na jouli zipatazo 2,305. .223 yenye kichwa cha greni 55 hutoka mtutuni na jouli kama 1,740, kwa hiyo ni halali upande mmoja na kosa upande wa pili. .243 yenye greni 100 hutoa kama 2,640 na inapita kote. (Greni moja ni gramu 0.065, greni 55 ni gramu tatu na nusu tu, fikiria hilo unapolenga bega.)

Sasa boksi. .223 iliundwa ikitokana na .222, risasi iliyopendwa sana kwa kuulia wanyama waharibifu wa shamba: panya wakubwa, mbweha, wanyama wa kilo chache. Kwa hiyo vichwa vingi vya kipenyo hiki vimetengenezwa vipasuke haraka. Koti lake la shaba ni jembamba, ncha ni ya plastiki au ina tundu, na boksi mara nyingi limeandikwa Varmint. Kikigusa ngozi kinasambaratika. Kwa mbweha ni sawa. Kwa pongo kinachimba shimo pana la kina cha sentimita chache kwenye nyama ya bega, mapafu hayaguswi, mnyama anaondoka.

Hapa ndipo msitu wa Mufindi au Rungwe unapowadanganya wengi. Watu hudhani umbali mfupi husaidia risasi dhaifu. Kinyume chake. Kwenye ukingo wa miwati au chai, pongo huonekana kwa mita 40 hadi 60, na hapo kichwa cha greni 55 bado kinakwenda karibu mita 900 kwa sekunde. Mwendo huo ndio unaokivunja. Kichwa kile kile mita 200 mbele kimepungua hadi chini ya 700, na huenda kikashikamana vizuri zaidi. Kwa hiyo anayewinda msituni ndiye anayehitaji kichwa kigumu kuliko anayewinda mbugani.

Kichwa kigumu kipo cha namna tatu. Kuna chenye ukuta wa shaba katikati, kama Nosler Partition ya greni 60: nusu ya mbele hufunguka, ya nyuma huendelea kupenya. Kuna ambacho risasi yake ya ndani, yaani ile metali laini na nzito, imegandishwa na koti ili visiachane, kwa kawaida greni 62 au 64. Halafu kuna cha shaba tupu, kama Barnes TSX, ambacho hakina risasi ndani na hufunguka kama ua la petali nne bila kupoteza uzito wowote wa maana. Kwa pongo jike na nsya, yoyote kati ya hivi inafaa, na mimi ningechukua cha shaba tupu kwa sababu nitakazozitaja kwenye nyama. Kichwa cha kawaida chenye ncha laini, herufi SP, ni cha kutazamwa kwa makini: cha greni 55 mara nyingi kimetengenezwa kwa ajili ya mbweha, cha greni 64 mara nyingi kwa ajili ya kulungu. Uzito unakupa fununu, maandishi ya mtengenezaji ndiyo yanayothibitisha.

Viwili vya kuacha dukani. FMJ, kilichofunikwa koti lote, kwa sababu hakifunguki; kinaweza kutoboa tundu la penseli, au kikapinduka na kuvunjika, na hakuna anayeweza kukuahidi lipi kati ya hayo. Halafu vile vya mashindano ya shabaha. Vina tundu nchani na watu huona tundu wakadhani kitafunguka. Tundu lile limetokana na namna koti lilivyofungwa kiwandani, halikuwekwa kwa ajili ya nyama.

Na kama bunduki imechongwa .223, usiilishe risasi ya kijeshi ya 5.56 kwa kuwa tu inaingia. Chemba, pale ganda linapokaa, hazifanani mwanzoni mwa mifereji, ile michirizo ya ndani ya mtutu inayozungusha kichwa, na msukumo wa ndani unaweza kupanda kupita kiasi.

Lakini kichwa kizuri kisichozunguka vya kutosha ni hasara. Kichwa kirefu kinahitaji mifereji ya mtutu iliyokaza zaidi, na shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba ni kirefu kuliko cha risasi chenye uzito ule ule. Bunduki nyingi za zamani za .223 huzungusha mara moja kila inchi 12, na .22-250 nyingi kila inchi 14. Hizo zitakula greni 50 au 55 za kawaida na kukataa greni 62 za shaba. Kwa greni 62 za shaba unataka mzunguko wa inchi 9 au 8.

Kama mtutu hauna maandishi, pima. Hakikisha bunduki haina kitu, toa bolti, ingiza ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, ukiwa na kitambaa kinachobana sawasawa. Usukume mpaka kitambaa kishike mifereji, weka alama ya kalamu kwenye ufito pale unapoingilia na nyingine ndogo juu yake ya kuonyesha upande, kisha sukuma polepole mpaka alama ya upande irudi ilipokuwa. Weka alama ya pili pale pale pa kuingilia. Nafasi kati ya alama mbili za kuingilia, kwa inchi, ndiyo jibu. Rudia mara tatu. Kitambaa kikilegea kinateleza na kukupa namba ya uongo. Uthibitisho wa mwisho ni karatasi ya shabaha kwa mita 50: matundu yawe duara. Tundu refu kama yai maana yake kichwa kinafika kikiyumba.

Jambo hili limewahi kuua risasi nzima sokoni. Mwaka 1955 Winchester walitoa .243 na Remington wakatoa .244, zote za milimita sita. Remington waliweka mzunguko wa inchi 12 wakiwaza vichwa vyepesi vya greni 75 na 90. Winchester waliweka 10 na kuuza greni 100. Wawindaji walitaka bunduki moja ya mbweha na kulungu, wakaenda kwa Winchester. Mwaka 1963 Remington waliirudisha yao kwa jina la 6mm na mzunguko wa inchi 9, lakini soko lilikuwa limekwisha kuamua.

Mwinuko nao una neno lake. Mjini Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, na hewa nyepesi humsaidia aliye na mtutu unaozungusha kichwa kwa shida. Karatasi ya Mbeya ikionyesha matundu yaliyopinda kidogo tu, ukiteremka bonde la Rukwa yatapinda zaidi. Upande wa kushuka kwa risasi, ndani ya mita 150 tofauti hiyo ni ndogo mno kuipigia kelele.

Upepo wa kiangazi ndio wa kupigiwa kelele. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma greni 55 kama sentimita 15 kwa mita 180. Huku juu hupungua kidogo, lakini kifua chote cha kulenga kwa pongo ni kama sentimita 15. .243 ya greni 100 husogea karibu nusu ya hapo. Kwa .223 ningeweka kikomo mita 120, mnyama akiwa ubavu mzima, amesimama, nyuma ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini. Akikutazama au akikupa mgongo, mwache. Pongo dume na tohe ningewaachia .243 moja kwa moja, hata pale kibali kinaporuhusu ndogo.

Sababu nyingine ni damu. Tundu la milimita 5.7 lisilo na njia ya kutokea huzibwa na ngozi na mafuta, na kwenye majani ya kiunoni huoni hata tone. Pongo aliyejeruhiwa hujibanza akungoje, na pembe zake si za mapambo. Misitu ya Rungwe na Udzungwa pia ina minde, mnyama mweusi wa jamii ya nsya, anayelindwa na aliye hatarini kutoweka. Mwili mweusi kwenye kivuli usiotambulika vizuri haupigwi kwa risasi yoyote.

Kuhusu nyama: kichwa chenye metali ya risasi kikivunjika husambaza chembe za sumu mbali kuliko jicho linavyoona. Kata na utupe angalau shubiri moja kuzunguka jeraha, na pale palipovilia damu usioshe ukapika. Kichwa cha shaba huacha nyama safi, na hiyo ndiyo sababu yangu, hasa kwenye nyumba yenye watoto.

Ukinunua, chukua maboksi mawili ya risasi 20 yenye namba moja ya toleo. Moja liishe kwenye uwanja wa shabaha: tano tano kwa mita 100, mtutu ukiachwa upoe, mpaka tano ziingie ndani ya sentimita 4. Usichanganye toleo hilo na boksi la zamani lililobaki kabatini. Na bunduki ikishasafiri kwenye barabara ya vumbi yenye matuta, funga upya skrubu za darubini na piga mbili kwenye karatasi kabla ya kuingia porini.