Koma Iliyozaa Mke wa Pili

Kibodi ya steshenari yangu hapa Muheza ilimwagikiwa chai ya maziwa. Nikaianika juani, vitufe vyote vikafufuka, hata kile cha Q ambacho hakuna mteja aliyewahi kukihitaji. Koma ndiyo iliyokufa. Nikajitafutia ujanja: nikatengeneza faili lenye koma tupu, moja tu, katikati ya ukurasa mweupe. Koma ikihitajika nafungua faili, nanakili, narudi kwenye barua, nabandika. Siku tulivu kazi hiyo haina neno. Lakini foleni ikifika barazani, wanafunzi wameshika fomu za mkopo wa chuo na umeme unakonyeza, koma kwangu inakuwa anasa.

Shemeji akaja siku ya foleni.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Yeye yuko Tanga mjini, karani katika ofisi ya kampuni yenye mashamba ya chai huko milimani Usambara. Dada yuko Lushoto, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na kalamu nyekundu haimtoki mkononi hata akiwa jikoni. Ndoa yao inaishi ndani ya basi. Sasa Shemeji alikuwa anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na kwa kuwa meneja wake hasomi Kiswahili, barua ilibidi iwe ya Kiingereza. Aliiandika kwa mkono usiku kucha, kamusi pembeni. Kwa nini hakumwomba mkewe amwandikie? Alitaka kumshangaza. Hilo alifanikiwa.

Niliipiga mbio. Sentensi yenyewe, kama ilivyotoka kwenye printa, ilisema: "I humbly request a transfer because my wife who lives in Lushoto is a teacher." Yaani anaomba uhamisho kwa unyenyekevu kwa sababu mke wake anayeishi Lushoto ni mwalimu. Shemeji akaisoma, akatabasamu, akalipa, akaipiga picha na kumtumia Dada kwa WhatsApp, na moyo mwekundu chini yake.

Jibu lilirudi sentensi ile imezungushiwa duara, na neno moja: "Wangapi?"

Shemeji akadhani anaulizwa idadi ya mabosi watakaoipitisha barua. Akajibu: "Watatu, ila mmoja yuko likizo."

Toka hapo simu ya Dada haikupokelewa tena.

Kwa wale ambao somo la Kiingereza waliliacha darasani pamoja na dawati, niwaeleze kilichomchoma. Kishazi ni kikundi cha maneno chenye kitenzi na mwenye kitenzi chake. Kipo kinachojitosheleza, hicho huitwa huru. Na kipo kisichotoa maana kamili mpaka kiegemee kingine, hicho ni tegemezi. Hilo "who lives in Lushoto" ni tegemezi, na kazi yake ni kumweleza mke. Ukikizungushia koma mbili, unasema mke ni mmoja, anajulikana, na habari ya Lushoto ni nyongeza tu. Ifute, mke atabaki palepale. Ziondoe koma, kishazi kinapanda cheo. Sasa ndicho kinachomchagua mke miongoni mwa wake. Yule wa Lushoto ni mwalimu. Wale wengine wanafanya kazi gani, barua haikusema.

Shemeji alirudi dukani jasho linamtoka. Akaamua ajitetee kwa Kiingereza, amheshimu mkewe kwa lugha ya kazi yake. Akatuma: "If I have another wife, I will tell you." Dada akajibu: "Type one." Aina ya kwanza ya sentensi za masharti, kwa wanaokumbuka, ni ya jambo linalowezekana kabisa kutokea, leo au kesho. Nikamsogeza haraka hadi aina ya pili, ile ya jambo la kufikirika tu: "If I had another wife, I would tell you." Kimya. Kwa hofu, na bila kunishirikisha, Shemeji akaongeza ya tatu, ya jambo lililopita ambalo halikutokea: "If I had married another wife, I would have told you."

Dada akaandika kwa Kiswahili, na hiyo ilikuwa dalili mbaya: "Mtu asiye na mke wa pili anafanyia nini mazoezi ya aina zote tatu?"

Ijumaa akashuka kutoka Lushoto, akapita Mombo, magharibi akawa yuko kwa Mjomba, Muheza. Kikao kikaitwa Jumamosi saa mbili asubuhi.

Mjomba alikaa kwenye kiti chake cha uvivu, bakora mapajani. Kiingereza chake kinaanzia "yes" na kuishia "godown", alikofanya kazi enzi za mkonge. Mkaza mjomba alikuwa nyuma ya pazia anamimina chai, maana yeye kikaoni haingii ila hakuna linalompita.

"Haya mwanangu," Mjomba akaanza. "Huyo mwanamke umemkuta naye wapi?"

"Kwenye sentensi, Mjomba," Dada akajibu.

Mjomba akageuza shingo polepole kunitazama, mimi nikatazama mkeka.

Dada hakutaka kuhukumiwa na watu wasiojua kesi. Akaishusha kalenda ya ukutani, akaigeuza nyuma, akatoa maka kwenye mkoba, akatufundisha. Lazima niseme, nimesoma miaka mingi na sijapata kuona darasa lililotulia vile.

"Vishazi tegemezi viko vya namna tatu. Cha kwanza ni cha nomino." Akaandika: "I know what he did." Akamtazama Shemeji. "Hiki 'what he did' kimekaa mahali pa jina. Mtu angeweza kusema najua siri. Mimi nasema najua alichofanya."

Shemeji akameza mate.

"Cha pili ni cha kielezi. Kinasema lini, kwa nini, kwa sharti gani." Akaandika: "Before I find her, speak." Yaani, kabla sijampata huyo mwanamke, sema. Hakutoa maelezo zaidi.

"Cha tatu ni cha kivumishi. Hiki ndicho kilichotuleta." Akaandika: "The woman who lives in Tanga." Kisha akafunika maka.

"Dada, hapo sentensi haijaisha," nikasema. "Kishazi huru kiko wapi?"

"Najua haijaisha. Namsubiri shemeji yako aimalizie."

Mjomba alikuwa anafuatilia kwa makini kuliko nilivyotegemea. "Hebu ngoja. Hicho tegemezi, peke yake hakiwezi kusimama?"

"Hakiwezi, Mjomba."

"Ila kinakula sentensi nzima."

"Kinaweza."

"Kumbe ni shemeji aliyehamia na godoro lake."

Wote wakanitazama mimi. Niliwahi kukaa kwao Tanga nilipokuwa natafuta kazi. Sikuona haja ya kulirudia jambo hilo mbele ya kikao.

Dada akaendelea. Akasema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke, kwa ndoa ya namna yao, haki ya kuweka pingamizi mume akitaka kuongeza mwingine, na Jumatatu anakwenda kuliweka.

"Sawa," Mjomba akasema, "lakini pingamizi linataka jina. Huyo mwenzio anaitwa nani?"

Dada akagonga barua kwa kidole. "Hapa kaandikwa 'who' tu."

"Hu," Mjomba akarudia, akikunja uso. "Si mtu wa huku."

Hapo ikabidi nieleze habari ya kibodi. Nilikwisha ibeba kwenye mfuko wa rambo, ushahidi. Mjomba akaikagua, akakibonyeza kitufe cha koma, akakibonyeza tena kwa ncha ya bakora. Dada akasema mimi na Shemeji tunafichiana, na kwamba mwalimu wa miaka yake hajapata kuona mwanafunzi asiye na kisingizio. Juzi tu mmoja alimwambia daftari limeliwa na mbuzi.

Nikatoa simu. Usiku ule sikulala, nilikuwa nimetafuta mwenzangu duniani aliyepata kuponzwa na koma, nikampata Kanada. Kampuni ya Rogers ilikuwa na mkataba wa kupitisha nyaya zake kwenye nguzo zilizosimamiwa na kampuni ya Aliant. Rogers waliamini mkataba ule hauvunjwi katika miaka mitano ya kwanza. Aliant wakasema someni vizuri: kabla ya kishazi kinachoanza na "unless", yaani isipokuwa, pana koma, kwa hiyo ruhusa ya kuuvunja kwa notisi ya mwaka mmoja inashika mkataba wote, na hiyo miaka mitano ya mwanzo imo. Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya huko ikakubaliana na Aliant. Makampuni makubwa, mawakili wa suti, wote wameinamia koma.

"Rogers akafilisika?" Mjomba akauliza, akimfikiria kuwa ni mtu.

"Hapana, Mjomba. Akatafuta nakala ya Kifaransa ya mkataba uleule. Kule maneno yalikuwa hayana utata, na mwaka 2007 tume ikaugeuza uamuzi."

Mjomba akapiga bakora sakafuni. "Basi na huyu atafutiwe nakala nyingine! Uliyoandika kwa mkono iko wapi?"

Shemeji akanigeukia. Nami, ndugu zangu, nikahisi chai ya asubuhi inapanda kifuani. Karatasi za wateja nikishapiga huwa nampa jirani yangu muuza vitumbua afungie biashara yake. Siri nyingi za mji huu zimeishia kwenye mafuta.

Tukatoka mbio, mimi na Shemeji, kanzu yake kaikunja kiunoni. Muuza vitumbua akasema rundo lile ameshalimaliza, karatasi ya mwisho kamfungia kijana wa bodaboda, yule pale. Yule pale alikuwa kwenye kitumbua chake cha mwisho, karatasi ameshaifinyanga tayari kuitupa mtaroni. Shemeji alimrukia mkono kwa namna ambayo kijana akadhani anaporwa. Ikabidi tumnunulie vitumbua vingine, na alichagua vya kukolea.

Karatasi ilifika kikaoni inang'aa kwa mafuta. Mjomba akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko ulisomeka. Baada ya "my wife" palikuwa na koma, nene, ya wino wa buluu. Shemeji akatoa pumzi. Baada ya "Lushoto" nako palikuwa na alama, nyeusi kidogo, imekaa pale koma inapopaswa kukaa.

"Mbili hizo!" nikapiga kelele.

"Moja ina rangi tofauti," Dada akasema. Huyu ni mtu anayesahihisha mitihani, haibiwi.

Mjomba akaleta ukucha. Akaikwaruza ile ya pili, ikabanduka. Akaiweka puani, akainusa, akaionja kwa ncha ya ulimi.

"Iliki," akatangaza.

Shemeji akakaa chini bila kuangalia kama pana mkeka. Mjomba akamuuliza Dada, kitaalamu, ikiwa koma ya kufungulia ipo na ya kufungia haipo, inakuwaje. Dada akasema koma hizi huenda jozi, moja ikikosekana ni kosa, ila yeye kwa huruma huwa anatoa nusu alama.

"Basi hesabu ni hiyo," Mjomba akasema. "Huyu ana mke mmoja na nusu."

Nyuma ya pazia tukasikia mtu anapaliwa na chai.

Aliyemuokoa Shemeji ni kalamu yake. Ni mtu anayeandika kwa kukandamiza. Ukimpa hundi asaini, inasainiwa na iliyo chini yake. Akamsihi Dada aigeuze karatasi, aipapase kwa nyuma. Dada akapitisha kidole polepole, akafika mahali akasimama. Akarudi, akapapasa tena. Wino ulikuwa umekunywewa na mafuta, lakini uvimbe wa koma ulikuwa pale, umejikunja mkia wake vizuri, palepale ilipolala iliki. Akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Akacheka mpaka akaifutia machozi ile barua ya printa, akatoa kalamu nyekundu, akaziweka koma zote mbili kwa mkono wake, na pembeni akaandika alama: nane kwa kumi. Mbili alizikata kwa ajili ya "humbly", eti ni ya kujipendekeza. Shemeji alizikubali zote.

Chai ilikuwa inazungushwa ndipo mkaza mjomba alipotoka nyuma ya pazia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mkononi ana bahasha ya kaki.

"Mwanangu mwalimu," akamwambia Dada, "maadamu umo kwenye kusoma, nisomee na hii. Ni maandishi ya mjomba wako juu ya shamba la michungwa. Wakili alitaka yawe ya Kiingereza."

"Mama nanihii, hiyo ya nini sasa?" Mjomba akasema. "Watoto wamechoka."

Dada alikuwa ameshaifungua. Akasoma kwa sauti: "My children who live in Handeni shall inherit the orange farm." Yaani watoto wake wanaoishi Handeni watarithi shamba la michungwa. Akasimama. Akarudia kimya, midomo inatikisika.

"Mkaza mjomba, watoto wenu wote wako Handeni?"

"Wote. Hata wa mwisho ameolewa hukohuko."

"Hapa hakuna koma."

Chumba kizima kilikuwa kimeshasoma, hakuna aliyehitaji kufundishwa tena. Mkaza mjomba akanigeukia mimi, si mumewe. "Ni ile kibodi yako, siyo?"

Nilitamani iwe hivyo, Mungu ananiona. Nikamtazama Mjomba, Mjomba akanitazama kwa macho ambayo sijapata kuyaona kwake, macho ya kuomba. Lakini tarehe ilikuwa pale juu ya karatasi.

"Hii niliipiga kabla ya chai kumwagika, mkaza mjomba," nikasema. "Wakati huo koma ilikuwa nzima. Nilipiga nilivyoandikiwa."

Mjomba akainuka, akavaa kofia, akaanza kutafuta makubadhi yake chini ya kiti.

"Adhana hiyo," akasema. "Mimi nawahi msikitini."

Ilikuwa saa nne asubuhi.