Ruwenzori: ugomvi hauko kileleni

Margherita, kilele cha mita 5,109 katika Mlima Stanley wa safu ya Ruwenzori, ni cha tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya, na mpaka wa Uganda na Kongo umepita juu yake. Mwanamfalme Mwitalia, Luigi wa Savoia, alikikwea mwaka 1906 akakipa jina la malkia wa kwao. Miaka minne baadaye mabwana wa Ulaya wakakifanya alama ya mpaka. Wenyeji walikuwa na lao: Nzururu, yaani theluji, ambaye kwa Wakonjo ni baba wa Kitasamba, mungu wa mlima.

Wanaoutetea mpaka huo wanasema una nafuu kuliko mingi tuliyorithi, kwa kuwa huko juu hakuna shamba wala kisima cha kugombania. Kuna hoja nyingine ambayo haisemwi sana: alama yenyewe ni mwamba. Italia na Uswisi zililazimika mwaka 2023 kukubaliana kusogeza mpaka wao karibu na mlima Matterhorn, maana ulifuata mgongo wa barafu na barafu ikayeyuka. Ruwenzori nayo imepoteza sehemu kubwa ya barafu yake tangu siku za Luigi, ila mwamba haujahama. Kinachohama ni Semliki, mto unaopokea maji ya mlima huo na kuwa mpaka hadi Ziwa Albert. Huo humega kingo na kubadili mkondo, na ng'ombe hawasomi ramani.

Upande wa pili unauliza: mstari ulichorwa kwa ajili ya nani? Kutoka upande wa mto Lubilia hadi kileleni ni rula tupu. Wakonjo wakabaki Uganda, ndugu zao Wanande wakawa Kongo. Uchungu huo ni wa kweli, lakini wengi huukuza kupita historia. Isaya Mukirane na wenzake walipotangaza kujitenga kwa Rwenzururu, nchi ya Wakonjo, mwaka 1962, walikuwa wakiukataa utawala wa ufalme wa Toro, na Toro iko Uganda. Ugomvi haukuwa na Kongo.

Hofu ya serikali ya Uganda kuhusu mpaka huo nayo ina asili yake: mwishoni mwa miaka ya 1990 waasi wake wa kundi la ADF walijificha katika mlima huo. Lakini mwaka 2016, Kampala ilipodai kuwa kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese linapanga jamhuri ya Yiira, ya Wakonjo na Wanande wa pande zote mbili, askari walilivamia na watu zaidi ya 100 wakafa katika mapigano ya siku hizo. Hapo hofu ya mpaka ilifanya madhara kuliko mpaka.

Kwangu mimi, mstari ubaki ulipo; kinachohitaji kurekebishwa ni njia ya kuuvuka. Mtalii aliyepandia Kilembe, upande wa Uganda, husimama Margherita mguu mmoja Kongo, na hakuna wa kumwuliza pasi. Mama wa Mutwanga, upande wa Kongo, anayekwenda kumzika dada yake ng'ambo huteremka hadi kituo cha mpakani cha Kasindi, akapanga foleni.