Gharama ya Chuo Kikuu Binafsi Ihesabiwe Hadi Siku ya Kuhitimu

Swali la kama chuo kikuu binafsi kinastahili gharama yake hujibiwa mara nyingi kwa kuweka ada ya mwaka mmoja upande huu na uzuri wa majengo upande ule, kisha familia ikaamua kwa kadiri ya mfuko wake. Naona hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo, kwa sababu familia inagharimia shahada nzima ya kozi fulani, na kati ya kusajiliwa na kuvaa joho kuna gharama ambazo hazimo kwenye kipeperushi.

Mchanganuo wa ada usomwe mpaka mstari wa mwisho. Chini ya ada ya masomo huwapo ada ya usajili, ya mitihani, ya maabara, ya usimamizi wa mafunzo kwa vitendo, na ile inayowashtua wengi, ada ya kurudia somo, ambayo baadhi ya vyuo huitoza kwa kila somo. Aidha, iulizwe kama ada inaweza kupandishwa kwa aliyekwisha kufika mwaka wa tatu, wakati ambapo kuhama huenda kukampotezea masomo aliyoyafaulu.

Hata hivyo, ada iliyotangazwa si lazima iwe ndiyo inayolipwa. Nchini Marekani, vyuo binafsi vyenye mifuko mikubwa hupunguza ada kwa kutazama kipato cha familia. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, haitozi ada ya masomo kwa familia zenye mali ya kawaida na kipato kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka. Yupo basi mwanafunzi ambaye chuo binafsi cha ghali kitamgharimu kidogo kuliko cha umma. Ninachokihofia ni udhamini wenye masharti: punguzo linalofutwa pindi wastani wa alama unaposhuka nalihesabu kuwa la mwaka wa kwanza tu, na bajeti ya miaka inayofuata naipanga kana kwamba halipo. Wapo watakaoona huo ni ukali, lakini masomo huzidi kuwa magumu kadiri miaka inavyosonga.

Kuhusu matokeo, utafiti unaonifikirisha zaidi ni wa Stacy Dale na Alan Krueger, uliochapishwa mwaka 2002. Waliwalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya kiwango kimoja lakini wakaishia kusoma sehemu tofauti, wakaona kwamba kwa wastani waliokwenda kwenye vyuo vyenye ushindani mkali zaidi hawakuwazidi wenzao kipato, isipokuwa waliotoka katika familia maskini, ambao walinufaika. Mwaka 2023, Raj Chetty, David Deming na John Friedman walifikia jambo linalokaribiana na hilo: kusoma katika vyuo binafsi 12 vya juu kabisa vya Marekani, badala ya chuo kikuu kikubwa cha umma, hakukubadilisha sana kipato cha wastani, ingawa kuliongeza uwezekano wa kufika kwenye asilimia 1 ya wenye kipato cha juu. Kwa tafsiri yangu, uwezo aliokwenda nao mwanafunzi ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi.

Vyuo vingi binafsi, lakini, havimo katika ngazi hiyo. Hutangaza kwamba asilimia 90 ya wahitimu wao wana ajira, na tangazo la namna hiyo halina maana mpaka ijulikane walioulizwa ni wangapi, waliojibu ni wangapi, waliulizwa muda gani baada ya kuhitimu, na kama mhandisi anayepokea simu ofisini naye amehesabiwa.

Matokeo mabaya kuliko yote ni deni bila shahada. Mkopo wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, usipolipwa, huwa maradufu katika takriban miaka 9, awe mkopaji amehitimu au aliacha njiani. Pengine chuo chenyewe ndicho kinachoanguka: Aprili 2015 kampuni ya Marekani ya Corinthian Colleges ilifunga kampasi zake zilizosalia, na wanafunzi wapatao 16,000 wakaachwa katikati ya masomo. Ndiyo maana ithibati, yaani utambuzi rasmi wa ubora, ichunguzwe mara mbili, ya chuo na ya kozi, hasa katika udaktari, sheria na uhandisi, ambako bodi ya taaluma inaweza kukataa kumsajili mhitimu wa chuo kinachotambulika kwa mambo mengine yote.

Nitakiunga mkono chuo binafsi pale ambapo cha umma kinachelewesha. Kama migomo au uhaba wa wahadhiri hugeuza kozi ya miaka 4 kuwa ya miaka 5, mwaka unaookolewa ni mshahara kamili wa mwaka mmoja, na unaweza kufuta sehemu nzuri ya tofauti ya ada. Lakini faida hiyo ithibitishwe kwa kozi husika: ofisi ya usajili iombwe idadi ya walioanza na idadi ya waliomaliza kwa wakati. Chuo kikikataa kuitoa, mimi ningepeleka maombi kwingine.